Kinachowekwa Mbele

Geita, 3 Machi 1951

Mjomba Eustace,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua. Vumbi la shimoni halinipi usingizi. Hali yako, na kazi ya ukarani wa pamba? Bwana wa stoo ya mgodi anatafuta karani, na mtihani ni wa Kiingereza. Vipande vinavyobandikwa mbele ya maneno vinanishinda, mara “un”, mara “dis”. Nielekeze nitoke huku chini.

Mpwa wako,
Kalisti

Shinyanga, 20 Machi 1951

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nimecheka mpaka ofisi nzima ikauliza kulikoni. Mponda mawe na Kiingereza, wapi na wapi? Haya, neno lolote ukitaka kulikanusha, bandika “un”. “Happy” ana furaha, “unhappy” hana. Hicho kimoja kinakutosha. Usinisumbue tena, wino hauokotwi njiani.

Mjomba wako

Geita, 2 Mei 1951

Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi nakohoa. Mtihani nimeanguka. Niliandika “unpossible” na “unagree”, bwana akazisoma kwa sauti, watu wakacheka. Valerian wa zahanati anasema ni “impossible” na “disagree”, kila neno lina kipande lilichokizoea, na “re” ni kurudia. Ulikuwa unayajua haya?

Mpwa wako,
Kalisti

Shinyanga, 30 Mei 1951

Mpwa,

Marahaba. Nilikuwa nayajua. Ningekupa yote ungeyaweka wapi? Baba yako alichunga ng'ombe wa watu, leo mwanawe anataka meza. Shika sururu yako.

Mjomba wako

Shinyanga, 15 Januari 1952

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo, baba? Kifua je? Tumefurahi kusikia mtihani wa pili umeshinda na stoo ni yako. Mwanangu Donatus yupo tu nyumbani. Mtafutie nafasi, sisi ni damu moja.

Mjomba wako akupendaye

Geita, 9 Februari 1952

Eustace,

Donatus aje. Nimemwombea nafasi, na vile vipande nitamfundisha vyote, maana yeye hana kosa. Kifua changu, daktari anasema hakitarudi kilivyokuwa. Baada ya jibu lako nilikaa shimoni mpaka mtihani wa pili, nikisoma na Valerian.

Nakudharau, na nimeona nikuandikie wazi. Mbele ya barua hii hakuna shikamoo. Sikusahau.

Kalisti