Skrini Mbili, Njia Moja

Umeå, 12 Januari 1999

Mdogo wangu Tove,

Salamu kutoka kwenye theluji inayotufika madirishani. Mwili wangu hauna neno, na nyonga ya Baba imepoa kidogo, anakusalimu. Huko Göteborg mvua imewaacha? Lakini leo sikuandikii kwa ajili ya salamu.

Nimesimamishwa kazi. Juzi mchana, wodini kwetu kwa watoto njiti, nilikuwa nambadilisha mtoto mmoja nepi. Nikageuka tu, hivi hivi, nikamwona mtoto wa mama mmoja, Marit, amebadilika rangi, midomo ya buluu, hapumui. King'ora hakikulia. Nasema hakikulia, Tove. Nikamsugua mgongo, nikampa oksijeni, akavuta pumzi, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Mkuu wetu Gunnel akaja kuangalia mtambo. Mtambo unasema onyo lilitumwa na lilipokelewa. Akaniuliza mbele ya wenzangu, "Sasa wewe ulikuwa wapi?" Nakaa nyumbani mpaka wamalize kuchunguza, na wakisema nilizembea, basi uuguzi wangu umeishia hapo.

Programu inayoleta maonyo kwenye skrini yetu uliiandika wewe. Iangalie, tafadhali.

Dada yako,
Ingegerd


Göteborg, 21 Januari 1999

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, koti bado mwilini. Pole sana. Mimi mzima, ni mafua tu ya msimu.

Nimeipitia programu mstari kwa mstari, na Pekka, mwenzangu ofisini, naye ameipitia. Mashine ya kila mtoto ina programu yake ndogo. Zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na zote zinatuma maonyo kupitia njia moja hadi kwenye skrini. Hakuna ujumbe unaopotea njiani. Onyo la mtoto yule lilichukuliwa papo hapo, na skrini ikishachukua onyo lazima king'ora chake kilie.

Nisamehe kwa nitakalouliza. Tangu Göran akuache hulali vizuri, uliniambia mwenyewe. Haiwezekani kwamba kililia, wewe usikisikie?

Mdogo wako,
Tove


Umeå, 27 Januari 1999

Tove,

Barua imefika. Masikio yangu hayana tatizo, na Göran hakuwemo wodini. Usinipigie simu.

Ingegerd


Göteborg, 4 Machi 1999

Dada Ingegerd,

Sijui kama hii utaifungua. Ile ya Februari hukuijibu, na simu umeichomoa. Baba ananiambia unakula, unatoka kutembea, ila jina langu hutaki kulisikia. Kwa hilo la kula nashukuru. Tafadhali soma hii mpaka mwisho: king'ora hakikulia. Ulisema kweli.

Neno lako niliendelea kulifikiria. Tangu utotoni hujawahi kunidanganya, hata pale nilipotamani unidanganye. Mwishowe nikampigia fundi wa hospitali yenu, nikamuuliza kuna nini kipya wodini. Akasema hakuna kitu, ila kabla ya Krismasi waliongeza skrini ya pili kwenye chumba cha kahawa, ili mkiwa mapumzikoni nako muone. Alilisema kwa fahari kidogo. Mimi nikakata simu, nikamwita Pekka.

Nikaweka skrini mbili ofisini, moja kwangu na moja kwa Pekka upande wa pili wa chumba, nikatuma onyo la majaribio. Kwangu kimya.

"Kwangu imelia," Pekka akasema.

Nikatuma tena. Safari hii ikalia kwangu, kwake kimya. Nikatuma tena na tena, na kila mara ni moja tu iliyolia. Pekka akaweka kikombe chake chini.

"Tove," akasema, "hizi zinanyang'anyana."

Ndivyo ilivyo. Nilipoandika programu ile niliwaza skrini moja tu mwisho wa njia. Ujumbe ukishachukuliwa, umekwisha, hauachi nakala nyuma. Walipounganisha skrini ya pili kwenye njia ileile, kila onyo likawa la ile iliyowahi. La mtoto wa Marit liliwahiwa na skrini ya chumba cha kahawa. Mtambo haukudanganya. Onyo lilipokelewa, na king'ora kililia, ila nyuma ya mlango uliofungwa, kwenye chumba kisicho na mtu, maana nyote mlikuwa na watoto.

Hasse, bosi wetu, alitaka turekebishe kimyakimya. Nikamwambia kuna hospitali nyingine zenye skrini mbili, na kuna nesi ameketi nyumbani kwa kosa lisilo lake. Akasema tuwangoje wanasheria. Nikanyanyua simu ya mezani kwake mwenyewe, nikampigia Gunnel, yeye akinitazama. Nilidhani atanipokonya. Hakunipokonya. Mchana uleule mimi na Pekka tukazipigia hospitali zote, wazime skrini ya pili, kisha wahakikishe ya kwanza inalia.

Sasa kila skrini ina njia yake peke yake. Katikati nimeweka programu moja inayopokea maonyo yote na kuipa kila skrini nakala yake. Wala hakuna skrini inayoweza tena kufunga njia ya wenzake. Hilo nalo tuliligundua humo humo, kwamba kuzima moja kungeweza kuinyamazisha nyingine. Tumelijaribu jambo hili mpaka Pekka akaomba nimwonee huruma.

Niliuliza kuhusu masikio yako kabla sijauliza kuhusu kazi yangu. Naona aibu. Nisamehe, dada.

Mdogo wako,
Tove


Umeå, 19 Machi 1999

Mdogo wangu,

Mimi mzima, na natumaini mafua yamekuacha. Barua yako niliifungua, ila usijidanganye, kwanza niliiacha juu ya jokofu kutwa nzima.

Gunnel alikuja nyumbani. Akasimama mlangoni na keki mkononi, akasema, "Nilikuuliza ulikuwa wapi. Ulikuwa palepale ulipotakiwa kuwa." Nilikuwa nimetayarisha maneno makali, sikuyaona yalikokwenda. Nikamkaribisha, tukala keki, tukalia kidogo, tukaongea habari za theluji. Kesho yake akaja Marit na mtoto. Mtoto amenenepa, ana mashavu. Marit alinipakatisha mtoto, akaenda jikoni kwangu kuchemsha kahawa kama yuko kwake.

Jumatatu nilirudi kazini. Kabla ya chakula cha mchana king'ora kikalia, wodini na chumba cha kahawa kwa pamoja, kwa kelele ambayo nadhani Finland waliisikia. Wote wakaja mbio, Gunnel akiwa na mkate wa iliki mdomoni na daktari akiwa amejimwagia kahawa kifuani. Kumbe ni waya tu, umechomoka mguuni kwa mtoto aliyepiga teke. Mwenyewe amelala fofofo. Tukabaki tunatazamana, kisha mimi nikaanza kucheka, na mimi nikianza kucheka unanijua. Gunnel ilibidi anishike nisikae sakafuni.

Nikwambie kitu ambacho sikumwambia hata Baba. Miezi hii yote kuna nyakati nilijiuliza labda kweli kililia, labda ni mimi. Jumatatu nilikisikia, Tove. Nilikisikia vizuri sana.

Pasaka njoo, na huyo Pekka kama hana pa kwenda mlete. Simu nimeichomeka tena.

Dada yako,
Ingegerd