Mstari wa Kifungo cha Pili

Kituo cha Msitu wa Chuo
3 Machi

Shemeji yangu,

Najua ukiuona mwandiko huu utaigeuza bahasha mara mbili kabla ya kuifungua. Ifungue tu. Mimi mzima, dada yako naye mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linagombana na ngazi. Mama watoto hajambo? Na binti? Huko kwenye mbao kazi zinakwendaje?

Simu nimeishika mara tatu wiki hii nikairudisha mezani. Kwenye simu utanikata. Barua utaichana, sawa, lakini ukishaichana utatamani kujua kilichokuwa kimebaki.

Jumanne alikuja mwanafunzi, binti wa mwaka wa tatu. Wamempa ploti namba nne, ile yetu, aifanyie mradi wake. Ana kadude kanakotoa taa nyekundu na kupima urefu bila kugusa kitu. Akakaelekeza kwenye mstari mweupe wa mti wa kwanza: mita moja na sentimita arobaini na sita. Wa pili, arobaini na sita. Wa tatu, vilevile. Akaniuliza, "Mzee, si mstari unatakiwa kuwa mita moja na thelathini?" Nikasema ndiyo, kimo cha kifua, pale tepu inapozungushwa kupima unene. Akauangalia mti, akaniangalia mimi. "Hebu simama hapa, Mzee." Nikasimama. "Mbona mstari uko sawasawa na kifungo chako cha pili cha shati?" Akacheka mpaka kadude kakamponyoka. Mimi jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

Shemeji, ile mistari niliipaka mimi.

Wiki aliyozaliwa binti yako rangi ilikuwa imefifia, na zamu ya kupaka upya ilikuwa yako. Kabla hujakimbilia hospitali ulisaini ukurasa mzima wa daftari kana kwamba umeshapaka, ukaniambia, "Shemeji, nimalizie." Nikakwambia nenda kapokee mtoto. Kufika ploti nikakuta ile fimbo ya kipimo nimeiacha kituoni. Saa nzima kuifuata, saa nzima kurudi, na kile kilima unakijua. Nikajiambia, kimo cha kifua ni kifua, kwani mimi sina kifua? Nikaanza kupaka, huku napiga mluzi. Mistari ya zamani niliiona iko chini kidogo, nikasema waliopaka walikuwa wafupi, nikaikwangua kwa panga.

Miti mia nne na kumi na mbili, shemeji. Yote kwa kifua changu.

Miezi mitatu baadaye tukaenda kupima. Wewe unazungusha tepu kwenye mstari na kusoma kwa sauti, mimi naandika. Mti ukienda juu unakuwa mwembamba, hilo hata mimi nalijua. Wa kwanza umepungua sentimita moja. Wa pili moja na nusu. Ukasema, "Shemeji, miti inakonda!" Tukacheka wote. Kufika mti wa kumi nilikuwa sicheki tena. Nilishajua.

Mama Profesa, mwenye utafiti wake, alipofungua daftari akauliza nani alipaka na nani alisoma. Saini ni yako, sauti ni yako. Uliniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Wakakutoa msituni wakakupeleka kufyeka viwanja vya mpira, na haukupita mwezi ukaacha kazi ukahama. Mimi wakanifanya msimamizi wa wapimaji. Miaka ya kosa langu naihesabu kwa umri wa binti yako. Sasa ni kumi na moja.

Nimekosa. Sina maneno mengine ya kuweka hapa.

Mimi shemeji yako

—

29 Machi

Shemeji,

Salamu nimezipata. Sisi wazima. Binti ana mbio kuliko mbwa wa jirani, na mdomo ameuchukua kwa shangazi yake. Mwambie dada hilo goti aache kulibebesha ndoo.

Nimechelewa kwa sababu nimekujibu mara nne nikachana. Barua ya kwanza ilikuwa matusi matupu. Ya pili matusi yalipungua. Ya tatu nilikuwa nakuandikia vizuri tu, kisha nikafika pale kwenye viatu vyako nikaichana. Ya nne mama watoto ndiye aliyeichana. Alisema ndani yake nimemtukana na mama mkwe wako, ambaye ni mama yangu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Kazi nilipata nyingine. Macho yangu ndiyo uliyoninyang'anya. Siku ile nilitoka kwa Mama Profesa nikijua nimesoma vibaya. Kama si mimi, ni nani? Miti haikondi! Nikaenda kwa daktari wa macho, akanipima, akasema macho mazuri haya. Nikaenda kwa mwingine mpaka nikapata aliyekubali kunipa miwani. Miaka kumi na moja navaa miwani isiyonisaidia chochote, shemeji, inanichoma tu nyuma ya masikio. Hapa kiwandani wananiita Pima Tena. Ubao mmoja naupima mara tatu, kisha namwita na mwenzangu aje auangalie. Mteja anasubiri mpaka anasinzia.

Na wewe ulikuwa unajua.

Halafu eti waliopaka walikuwa wafupi! Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikakasirika kwamba nimecheka. Wewe ni mtu wa ajabu sana.

Nenda kwa Mama Profesa. Kwa miguu yako, kwa mdomo wako. Usimtume mwanafunzi, usipitishe karatasi chini ya mlango. Mpaka umwambie, usiniandikie hata kunijulia hali.

Shemeji yako, Pima Tena

—

Kituo cha Msitu wa Chuo
17 Juni

Shemeji,

Leo nina ruhusa ya kukujulia hali, basi hamjambo? Sisi hatujambo, na mimi sijambo zaidi ya wote.

Nimekaa miezi miwili na zaidi. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na kazi nyingi. Mara tatu nilifika mpaka mlangoni kwa Mama Profesa. Mara ya kwanza nikasema atakuwa anakula. Mara ya pili nikasoma ratiba yake ukutani yote, neno kwa neno, nikaondoka. Mara ya tatu akatoka yeye mwenyewe, nikamwambia nimekuja kuangalia balbu. Akanionyesha iliyoungua, shemeji. Nikaibadilisha!

Dada yako ndiye aliyenimaliza. Barua yako aliikuta kwenye koti langu. Hakupiga kelele, si unamjua. Alivaa viatu vya kutokea, akanishika mkono mpaka chuoni, akakaa kwenye benchi pale nje. "Ukitoka humo hujasema, funguo za nyumba ninazo mimi."

Nikaingia. Nikasema yote: fimbo, kifua, panga, saini, viatu. Nilipomaliza, Mama Profesa akafungua kabati akatoa karatasi kubwa ya grafu ya unene wa miti, yenye mstari unaopanda, unapanda, kisha ghafla unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Akaniambia, "Huu mwaka nimewaeleza wanafunzi kwamba ulikuwa ukame. Nimewaeleza ulikuwa wadudu. Mwaka juzi nilisema udongo." Akajifunika uso, mabega yanatikisika. Nikasema Mungu wangu, nimemliza mama wa watu. Kumbe anacheka. "Kumbe ugonjwa wa msitu wangu ni wewe!"

Halafu akaacha kucheka. Akauliza, "Na yule bwana yuko wapi?" Hapo ndipo mimi nililia, shemeji, mtu mzima na mvi zangu.

Usimamizi wameninyang'anya na barua ya onyo nimepewa. Nimeipokea kwa mikono miwili. Jumatatu wapimaji wote waliitwa, Mama Profesa akasoma mbele yao kwamba saini ile ulinisainia kwa kuniamini, na tepu uliisoma sawa kila mti. Barua ya kukusafisha nimeiambatanisha, ina mhuri. Itie plastiki isichakae.

Anasema hakuna kilichopotea. Tukipima kila mti mara mbili, kwenye mstari wangu na kwenye kimo cha kweli, ile tofauti ndiyo itarekebisha miaka yote. Anataka tepu uishike wewe, wiki tatu mwezi wa nane. Mkuu wa kazi utakuwa wewe. Mimi nabeba kopo la rangi.

Utakuja?

Mimi mbeba kopo, shemeji yako

—

2 Julai

Shemeji,

Hatujambo. Barua yenye mhuri imefika. Nilimpa mama watoto aisome kwa sauti, akafika katikati akashindwa, binti akamalizia. Akaniuliza, "Baba, kwa hiyo ulikuwa unaona vizuri siku zote?" Nikamwambia siku zote. Akasema, "Mbona basi huwa huzioni soksi zako?"

Kesho yake nikaipeleka kiwandani. Fundi mkuu akazima mashine zote, akanisimamisha juu ya meza ya kupigia randa, akaisoma. Walishangilia, shemeji. Watu wazima wenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Kisha fundi akanipa ubao akasema, "Pima." Nikapima mara moja. Akasema, "Kata." Nikakata. Ulikaa barabara.

Nakuja. Ruhusa ya wiki tatu nimepewa. Sikukuambia nimekusamehe, usije ukaanza kupiga mluzi. Nakuja kwa sababu miti ile naijua, na tepu ile ni yangu.

Mwambie dada nakuja na binti, mtoto wake wa kike.

Shemeji yako

—

Kituoni, chumba cha nyuma
12 Agosti, saa kumi jioni

Mkuu wa kazi,

Habari za tangu mchana? Nakuandikia wakati sauti yako naisikia hapo barazani unamchokoza dada yako, lakini sheria uliyoiweka jana ni sheria: kosa linaandikwa siku ileile, linasainiwa na aliyelifanya, linapelekwa kwa mkono. Haya, naandika.

Leo, mti wa mia tatu na nane, ulisoma themanini na sita nukta nne, mimi nikaandika themanini na nne nukta sita. Nimeligundua nilipokuwa nakaa chini kuvua viatu. Hakuna mwingine aliyeliona. Sikusaini kwa niaba ya mtu.

Mgongo nao naomba uandikwe. Kuinama kwenye kimo chako cha kweli mara mia tatu na nane si mchezo, nyie wafupi mmependelewa.

Mwanafunzi amepiga hesabu za miti tuliyomaliza. Anasema kila mmoja umenenepa, mwaka baada ya mwaka, hata ule mwaka. Hakuna uliokonda. Alikuwa anaruka pale kwenye majani kama amepata mchumba, na binti yako anamfuatisha.

Shemeji, lile kosa kubwa sijakusikia ukilizungumzia. Wiki mbili tunakula sahani moja na hujalitaja. Nami nimechoka kulisubiri. Kama kuna safu yake kwenye daftari lako, nionyeshe nisaini.

Mbeba kopo

—

12 Agosti, saa kumi na nusu

Mbeba kopo,

La mti wa mia tatu na nane nimelipokea. Limesahihishwa kwa kalamu nyekundu, nimeweka saini yangu kando ya yako.

Hilo lingine nimelitafuta daftari zima, halimo. Toka huko nyuma uje barazani, chai inapoa na dada anasema hapashi tena.

Shemeji yako