Mtupaji wa Boma la Lindi

Masasi, 2 Julai 1905

Baba mpendwa, shikamoo. Mimi mzima, sijui ninyi huko Newala, na mama, na mjomba Bwanali. Jumamosi hapa shuleni misheni tulicheza kriketi, ule mpira wa Waingereza wa kutupa na kuangusha vijiti vitatu. Wageni wa pwani walishika gongo mmoja baada ya mwingine, wote nikawatoa. Mzungu mmoja amenipiga picha nimeshika mpira, na wenzangu wote wanaitaka. Mwambie mjomba ni yale mawe aliyonifundisha kuwatupia nyani shambani.

Mwanao,
Cecil

Newala, 20 Oktoba 1905

Mwanangu, marahaba. Afya zetu si mbaya, ila usingizi hatuna. Tangu vita vya maji vifike huko, tumesikia mmetawanyika. Mjomba wako alitoka kukutafuta. Askari wamemkamata huko Nanganga, wanasema amekunywa ile dawa ya waasi. Hakunywa kitu. Barua hii nampa Sadallah, mchuuzi aendaye Lindi, huenda akakuona.

Baba yako,
Dastani

Lindi, 4 Machi 1906

Baba, shikamoo. Mimi mzima, nakula wali. Sadallah alinikuta bomani, tulikokimbilia vita vilipofika Masasi. Mkubwa wa hapa, Mjerumani, alipenda mkono wangu. Kila Jumapili natupa mpira mbele ya Wadachi, nao wanashangilia jina langu. Picha zangu zinauzwa dukani kwa Mhindi, mabaharia wanazikusanya. Mmoja ameondoka na mpira wangu hadi Ulaya. Habari za mjomba nimezisikia. Hayo ni mambo ya serikali, Baba. Mimi ni mtupaji tu.

Mwanao

Newala, 10 Juni 1906

Cecil, sisi wazima. Mama yako hakusalimu.

Sadallah ameleta picha yako mpya. Watu wa kijiji cha Mkunya walijaa uani kuitazama, nami nikajivuna, mpaka mama yako alipoisogeza karibu. Nyuma yako kuna wafungwa kwenye mnyororo, kila mmoja ana chungu kichwani. Wa tatu ni kaka yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa Bwanali ameachiwa, yuko hapa. Anasema vyungu vile ndivyo vilikuwa shabaha yako. Ulipokivunja chake watu walicheka, nawe ukacheka. Ni kweli?

Baba yako

Lindi, 1 Agosti 1906

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Ni kweli. Mjomba aliniambia kwa Kimakonde, "Tupa, mpwa wangu, usitetemeke." Nikatupa. Nilicheka kwa sababu mkubwa alikuwa ananitazama usoni.

Tangu barua yenu ifike sijashika mpira. Nimechapwa viboko nikafukuzwa, sasa nabeba mizigo forodhani. Nilimsihi Mhindi aziondoe picha; amekataa, zinatoka sana. Juzi baharia alinitambua, akanipa moja niiandike jina. Nikamwambia si mimi.

Naona haya kuuliza. Je, nije?

Mwanao, kama bado mnaniita hivyo

Newala, 3 Septemba 1906

Mpwa wangu, hujambo? Ni mimi Bwanali. Baba yako ananiandikia tu. Sijambo, ila shingo inauma palipokaa mnyororo.

Kutupa nilikusamehe papo hapo. Ungekataa, wangetuua sote wawili, na hilo nimewaeleza wote hapa. Kucheka bado. Nimejaribu, Cecil, nimeshindwa, na kwa barua sitaweza.

Njoo. Mama yako amekasirika kwamba nasema maneno mengi, anataka niseme hilo moja tu. Njoo uketi mbele yangu, hata kama hutathubutu kuinua macho.

Mjomba wako