Marinda ya Nyaboke

Jumatatu, 5 Julai 1971
Kaptula sita, sketi nne. Mvua imenyesha saa nane, nikavuta cherehani ndani ya veranda. Miaka kumi na mitano nashona sare hapa sokoni Nyamira. Mkono unakwenda wenyewe.

Leo amekuja mama mmoja wa Sironga. Binti yake Nyaboke anaolewa tarehe ishirini na tano. Alikuwa anaelekea kwa Kerubo, fundi wa magauni ng'ambo ya barabara. Kerubo akampokea kwa sauti ya kunifikia.

"Umefika panapofaa, mama. Yule ni wa kaptula tu. Kichwani hana kitu."

Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyemfundisha Kerubo kushika sindano.

Alhamisi, 8 Julai
Nyaboke mwenyewe amekuja. Siku hizi ni mwalimu. Anasema alivaa sketi zangu tangu darasa la kwanza, na gauni la harusi nitamshonea mimi. Mama yake amenuna. Nilitaka kukataa. Nikamwona Kerubo mlangoni kwake, anatazama. Nikakubali.

Satini iko mezani. Sina wazo hata moja.

Sabato, 10 Julai
Mchungaji amehubiri juu ya kusamehe. Sikusikiliza. Nilikuwa natazama kofia ya Kerubo, safu ya mbele. Nataka aumie.

Jumanne, 13 Julai
Nimechora magauni saba kwenye karatasi za sukari. Yote nimeyaona kwa Kerubo au kwenye magazeti. Nimeyachoma jikoni.

Labda alisema kweli. Hilo ndilo linalonichoma.

Jumatano, 14 Julai
Kwa hasira nimerudi kwenye sketi za shule. Kunja rinda, bana pini, piga pasi. Kunja, bana, piga pasi. Kwenye rinda la nane mikono ikasimama.

Nikachukua satini. Nikaikunja kama sare, ila marinda membamba kama kidole, kutoka kiunoni hadi chini. Kila mkunjo ukashika mwanga wake. Nimekaa nikitazama mpaka chai ikapoa. Kitu hiki kimetoka kwangu.

Halafu nikafikiri: Kerubo hawezi hili. Miaka minne tuliyoshona pamoja, yeye alishona kola na mikono. Marinda yalikuwa yangu.

Jumapili, 25 Julai
Harusi. Nyaboke alipotembea, marinda yalifunguka na kujifunga. Vigelegele vikapanda. Mama yake alinishika mikono yote miwili.

Bibi harusi sikumtazama sana. Nilimtazama Kerubo. Alikuwa ameacha kula. Mimi nilimaliza sahani yangu.

Jumatano, 28 Julai
Kerubo amevuka barabara.

"Dada Moraa, nisaidie. Nina bibi harusi wa Kenyenya, anataka gauni kama la Nyaboke. Kitambaa cha marinda kinakuwa mara ngapi ya kiuno?"

Ni mara tatu. Kila mshona marinda anajua.

"Mara mbili inatosha, mdogo wangu," nikamwambia.

Akashukuru. Akaniita mwalimu wake.

Alhamisi, 5 Agosti
Kerubo amekata kitambaa. Gauni halifungi nyuma, limepungua shibiri nzima na zaidi. Mama wa msichana amempigia kelele pale barabarani, soko zima limesikia. Satini imeletwa kutoka Nairobi, na harusi ni Jumapili.

Kerubo alinitazama kutoka ng'ambo. Anajua. Nami nikamtazama mpaka akaingia ndani.

Nimefurahi. Sitaandika vinginevyo.

Ijumaa, 13 Agosti
Duka la Kerubo limefungwa. Amerudi kwao Nyacheki. Msichana wa Kenyenya ameolewa amevaa gauni la kuazima, refu, akalikanyaga mlangoni mwa kanisa. Nimeambiwa alilia. Yeye sikuwahi kumfikiria.

Wasichana wawili wamekuja kwangu wakitaka magauni. Kitu kipya, wamesema, si marinda tena. Nimekaa na chaki tangu asubuhi. Kila nilipotaka kuchora, niliutafuta uso wa Kerubo kichwani, hasira ikapanda, mkono ukaamka. Leo nimeutafuta. Nimeona aibu tu.

Jumanne, 17 Agosti
Kaptula tano. Nimesafisha cherehani, nikatia mafuta.

Baadaye nilitandika kitambaa cheupe mezani, nikachora bega la gauni kwa chaki. Moja tu. Halifanani na la mtu yeyote. Nimeliacha hapo, nione kesho kama linataka mkono.