Dawa ya Chini

Mshauri wetu mpendwa,

Nisaidie, maana mimi Obonyo, niliyebeba mzinga wa Wajerumani peke yangu katika vita vya Kariakoo, tulipokuwa wapagazi wa Waingereza, leo nafungiwa mlango na mkwe. Hapa kwenye mashamba ya chai mimi huitwa daktari, hata mzungu wetu tumbo lilipomziba nilimpa kikombe kimoja akakimbia mpaka kofia ikabaki hewani, na dawa yenyewe ni mzizi wa manjano, mchungu, naununua kwa Mhindi hapa Sotik, unaitwa revandi chini, na sikuhitaji kuuliza, jina lajieleza, ni dawa ya chini, basi Amolo, binti wa marehemu kaka yangu, aliposhika mimba akasema hapati choo, nikamchemshia birika zima asubuhi na jioni nikamwambia, "Kunywa, mama, inafungua njia ya mtoto." Mimba ikatoka. Nikajua mara moja ni jicho la jirani, Bochaberi, yule mama wa Kisii aliyelisifu tumbo bila kutema mate ya kuondoa kijicho, nikasema mbele ya kambi nzima, na sasa hakuna anayechota maji naye. Amolo ana mimba tena, nataka kuanza dawa mapema, lakini mumewe Ojwang anasema, "Baba, hilo birika likivuka mlango wangu, nalimwaga." Nimshinde vipi kijana huyu?

Obonyo, Sotik

Ndugu Obonyo,

Usimshinde. Mshukuru. "Chini" kwa lugha ya Mhindi wako ni Uchina, mzizi ulikotoka, si chini ya kitovu cha Amolo. Nimemuuliza muuza dawa hapa mjini: kipande kidogo humsaidia mtu mzima aliyefunga choo, siku mbili tatu basi, matumbo yasije yakazoea kusukumwa. Mwenye mimba asionje kabisa, mzizi huo unaweza kukiamsha kizazi kabla ya wakati. Anayenyonyesha vilevile, mtoto ataharishwa na maziwa. Wewe ulimpa birika!

Najua unampenda mtoto wa kaka yako. Lakini hukuuliza, halafu hatia ukaipeleka nyumba ya jirani. Mimi siwezi kuapa kwamba mzizi ndio ulioitoa mimba ile. Wewe uliapa kwamba ni Bochaberi.

Sasa usimpe Amolo kitu. Choo kikimsumbua anywe maji, ale mboga, na Ojwang ampeleke kwa mkunga wa misheni. Wewe nenda mtoni wanawake wakiwa wengi, umwombe Bochaberi msamaha kwa sauti ile ile uliyomtukana nayo, Amolo akisikia. Huenda asikusemeshe tena, vumilia. Na mtoto akizaliwa salama, nakuomba, usiende kusimulia kwamba ni dawa yako.