Bahari Haikulala na Upepo

St Marys, Sydney
Jumatatu, 14 Julai

Mpendwa Mama Mkubwa Chibalonza,

Nakusalimu kwanza wewe uliye kichwa cha ukoo wetu; kisha Mchungaji; kisha wajomba na mashangazi kwa umri wao; na vijana mliosimama mlangoni. Barua hii nimeipiga picha na kuituma kwa simu ya binamu yangu Olivier, ili aisome kwa sauti mbele ya kikao chenu cha Jumamosi. Goti lako linaendeleaje? Migomba ya kisiwa chetu cha Idjwi inavumiliaje kiangazi? Sisi tu wazima, na uzima huo leo nauandika kwa moyo unaodunda.

Sababu ya kikao naijua. Jana kaka yangu Dieudonné aliwapigia simu mlipokuwa mnaamka, akasema binti yangu Clarisse amekataa ubatizo. Hajawapigia tena kwa sababu simu hiyo sasa iko chini ya Pasifiki. Msimhukumu mtoto kabla ya kusikia yaliyofuata.

Wiki nzima tulipigwa na dhoruba ambayo sijapata kuiona. Huku Julai ni katikati ya baridi. Upepo uliezua paa la jirani ukaliweka juu ya gari lake. Miti ililalia reli, treni za Penrith zikasimama. Umeme ukakatika, tukasonga ugali tukiwa na makoti na glavu. Milimani ikaanguka theluji, na Faida, mke wangu, alitoka nje kuinusa hewa yake kama mtu anayenusa mkate. Niliogopa, Mama Mkubwa, lakini pia nilifurahi kama mtoto.

Jumapili upepo ukakoma, mbingu ikatakata. Kanisa letu bado linafuata kalenda ya nyumbani: Julai ni kiangazi, ziwa liko kimya, watu wanabatizwa. Nanyi mnajua, Kivu upepo ukilala, maji nayo hulala. Tukavaa nguo nyeupe, tukaenda pwani tukiimba.

Mawimbi yalikuwa madogo. Lakini Clarisse alisimama mchangani, akakunja mikono. Shuleni wamefundishwa kwamba bahari hii hubaki na hasira ya dhoruba hata upepo ukishakufa: mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi maji hujifanya mapole.

"Weye, unaogopa maji ao unaogopa Mungu?" Dieudonné akamuuliza, watu wakacheka.

"Mungu hayuko na haraka, Baba Mkubwa. Mimi siingii. Na weye usiingie."

Ndipo kaka alipowapigia simu. Kisha akaitia mfukoni, akachukua fimbo ya marehemu baba, akaingia kutupimia kina, kama baba alivyofanya kabla ya kila ubatizo. Maji yalimfika magotini. Mara bahari ikasimama. Sina neno jingine: ilisimama kama ukuta wa kanisa, ya kijani, jua likipenya ndani yake, ikamwangukia. Tuliona fimbo, tukaona kiatu, kisha hatukuona kitu.

Clarisse hakukimbilia majini. Aliwakimbilia waokoaji wa ufukweni, na kabla hajamaliza kueleza walikuwa tayari wanaburuta mashua yao. Walimleta kaka akitapika chumvi, mzima. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Yule mtoto iko wapi?" Akamshika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani.

Mnisalimie Yvette na mapacha wake, na mjomba Bruno ambaye najua amesinzia kabla ya aya hii. Mungu aliyeturudishia kaka awalinde nyote mwendapo na mrudipo.

Sasa naomba nyote mlio kikaoni msimame wima. Haya ndiyo tuliyoamua huku, Dieudonné akiwa wa kwanza kunyoosha mkono, nanyi tunawaomba myatekeleze. Ubatizo umehamia Desemba, maji yakiwa na joto, na kaka mwenyewe ndiye atakayemsindikiza Clarisse. Neno "amekataa" lifutwe leo, kwa kinywa chako, Mama Mkubwa. Na kwa kuwa fimbo ya baba imechukuliwa na bahari, kateni nyingine kule shambani kwake, muitume kwa jina la Clarisse. Kuanzia sasa yeye ndiye atakayetupimia maji.

Mwanao anayekupenda hata ng'ambo ya maji haya,
Akilimali