Mama Meherunisa na Nguo ya Yadi Tisa

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu tulipokulaza katika ardhi ya Ibra, hapa Oman, na bado mtu akibisha hodi tunangoja kukusikia wewe: "Ingia, mlango haujafungwa, ni wewe tu hujausukuma."

Ulizaliwa Ratnagiri, India, kwa Waislamu wanaosema Kimarathi. Baba yetu Yaqoob, Muomani mzaliwa wa Tabora, alikwenda kusoma Pune akarudi Oman na wewe. Marehemu Bibi Ghanima, mama mkwe wako, alikupokea kwa Kiswahili, maana Kiarabu chenyewe kilikuwa kinampiga chenga. Kiswahili ukakijua mpaka ukawa unatusuta nacho. Kila Jumatano ukenda soko la wanawake, ukatia Kiswahili ndani ya Kiarabu, na wenye kuuza wakakushushia bei ili uondoke tu. Samaki wako aliwasha mpaka masikio. Mgonjwa wa mtaani hakulala bila ya wewe kumpelekea uji, hata yule jirani uliyenuniana naye.

Vitu vyako vya uarusi hukuvionyesha ovyo. Hazama kubwa ya lulu ya kuvaa puani, ile ambayo kwenu mnaiita nathi. Kidani cha chembe ndogo ndogo za dhahabu, kinachokaa juu kabisa shingoni. Bangili za kioo za kijani. Na ile nguo ya hariri ya kijani yenye upindo wa dhahabu, yadi tisa, aliyoolewa nayo bibi yako, kisha mama yako, kisha wewe. Kwenu bibi harusi hajifungi mwenyewe, hufungwa na mama yake, na kila nyumba ina ufungaji wake. Ulikuwa ukisema, "Ibtihal akiolewa nitamfunga mimi. Kabla ya hapo asiiguse, mikono yake ina mafuta ya sambusa."

Binti yako Ibtihal akaposwa. Harusi ikiwa imekaribia, kiharusi kikakupiga. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukafungwa. Tulikupeleka Maskati, tukakurudisha kwa njia ya Bidbid, wewe nyuma ya gari unatazama milima.

Siku ya hina tukaitoa nguo. Shangazi Kaltham, wifi yako, akaikunjua ikajaa chumba kizima.

"Alaa! Hii doti haijakatwa," akasema. "Moja avae, moja ajitande. Nipeni mkasi."

Aliyelelewa na kanga atasema nini jingine? Mkasi ukaletwa. Ndipo ulipoutia mkono wako wa kushoto, ule mzima, baina ya makali ya mkasi. Hukupiga kelele, na ungepigaje? Uliuweka tu pale, ukauacha. Shangazi akautupa mkasi chini.

"Basi wifi yangu, basi. Haikatwi. Wallahi haikatwi."

Ukamwita Ibtihal kwa macho, akaja kusimama mbele ya kiti chako. Wewe ulishika upande mmoja wa nguo, yeye akashika wa pili, mkalifunga fundo la kiunoni kwa pamoja. Tukapiga vigelegele. Kisha ukaanza kukunja marinda kwa mkono ule mmoja, yakateleza. Ukakunja tena, yakateleza. Hariri haishikiki kwa mkono mmoja, Mama.

Reem, mdogo wake Ibtihal, akapiga magoti. "Mama, hivi?" Ukatikisa kichwa. "Hivi je?" Kichwa. Akatafuta kwenye simu, wakatokea wanawake wa Kimarathi chungu nzima. Wote wanapitisha nguo baina ya miguu wakaichomeka nyuma, lakini huyu anaanza upande wa kulia, yule wa kushoto, mwingine anakunja kwanza. Kila tuliyekuonyesha, ulitikisa kichwa. Siyo. Siyo ya kwenu.

Shangazi akasema, "Wifi, hii nguo au mtihani wa leseni? Kila tukigeuka tumefeli!"

Ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha upande uleule ukaanza kutetemeka, na machozi yakakushuka, na mkono wako haukuwahi kuyafuta kwa sababu ulikuwa bado umeshika nguo.

Tungefanya nini? Mtu wa kumuuliza alikuwa ni wewe. Mama yako alishatangulia, na dada hukujaaliwa.

Wageni walikuwa wamekwisha kujaa ukumbini. Ibtihal akavaa nguo yake ya Kiomani, na bangili zako, na kidani chako. Akakuinamia: "Mama, radhi?" Ukamwekea mkono kichwani. Radhi ulimpa, sote tuliona. Lakini macho yako yalikuwa kitandani, ilipokuwa imelala nguo.

Mwezi haukwisha, ukatuacha.

Sasa Reem naye ameposwa. Juzi tukamkuta chumbani kwako mbele ya kioo, ameizungusha, Ibtihal anamshikia upande wa pili. Fundo likaja vilevile mlivyolifunga siku ile. Hilo tunalijua. Baada ya fundo hatujui. Wakabaki wamesimama, hariri yote iliyosalia imemwagika miguuni kwao, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

"Endelea," akasema Reem.

"Niendelee wapi?" akasema Ibtihal.

Unakumbukwa na mumeo Yaqoob, ambaye hadi leo anakutengea upande wako wa kitanda. Mwanao Wadhah na mkewe Ghalia. Binti zako Ibtihal na Reem. Wifi yako Kaltham. Na jirani zako wote wa Ibra, hata yule mliyenuniana.

Mwenyezi Mungu akurehemu, akulaze pema. Siku zote za uhai wetu tutakukumbuka, Mama. Daima.